Silinda ya udongo inalala kila ikifika sentimita 11: nakosea wapi?

Mwanagenzi wa Gungu (Kigoma)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba msaada wa wale wanaofinyanga kwa gurudumu, na hata wanaofinyanga kwa mkono, kwa kuwa nimefika mahali ambapo kuendelea kujaribu peke yangu kunanimalizia udongo na siku bila kunifundisha chochote.

Naishi Gungu, hapa Kigoma mjini, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikijifunza kufinyanga kwa gurudumu la kupiga kwa mguu ambalo nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea. Lina kisahani cha juu cha mbao chenye upana wa sentimita 30, mhimili wa chuma, na chini kabisa gurudumu zito la zege ambalo ndilo ninalolipiga teke. Udongo nauchimba bondeni Luiche, pembeni mwa majaruba ya mpunga. Nauanika, nauponda, nauloweka kwenye ndoo kwa siku mbili, kisha naukanda na kuutumia siku hiyohiyo. Walimu wangu ni video za kwenye simu, ambamo mtu huketi, huvuta mara tatu (yaani huubana ukuta wa udongo kwa vidole na kuupandisha juu), na chombo kirefu kama chupa ya chai kikasimama mbele yake kana kwamba kilikuwa kimejificha ndani ya udongo tangu zamani.

Shabaha yangu kwa sasa ni moja tu, nayo ni silinda iliyonyooka yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 20, kwa sababu nimeelezwa kwamba jagi, kopo, mtungi na chombo cha maua vyote huanzia kwenye umbo hilo. Natumia kilo moja ya udongo kwa kila jaribio. Mvuto wa kwanza unakwenda vizuri. Katika mvuto wa pili ukuta unaanza kuyumba, na katika wa tatu, urefu ukifika sentimita 11 hivi, kiuno kinajikunja kama abiria aliyeshikwa na usingizi ndani ya basi, kisha upande mmoja wa mdomo unalala ndani. Nimejaribu kuongeza maji, kukaza vidole, kulegeza vidole, na kupiga gurudumu kwa nguvu zaidi. Jana nimeangusha sita mfululizo.

Swali langu ni hili: tatizo ni mikono, ni udongo, au ni gurudumu? Na kama ni mikono, nitajuaje kosa lilipo, wakati makosa yote yanaishia kwenye bonge moja la tope lisilosimulia lilikotoka?

Mama Vyungu (Kasulu)

Mwanangu, mimi sijawahi kukalia gurudumu la aina hiyo; nimefinyanga kwa mkono tangu nikiwa binti, kwa kupandisha pingili juu ya pingili huku chungu kikiwa kimekalia gae la mtungi uliovunjika, nami nikikizungusha taratibu au nikikizunguka mwenyewe. Kwa hiyo habari za kuvuta nitawaachia wenzangu, ila habari za udongo naomba unisikilize, kwa sababu katika maelezo yako nimeona haraka mahali ambapo udongo hautaki haraka.

Ulichoeleza ni kuanika, kuponda, kuloweka na kukanda. Hukutaja kuchuja. Udongo wa bondeni huja na mizizi, changarawe na chembe za mchanga mnene, na kwa kazi yangu hayo hayanisumbui sana. Tena ninapotengeneza chungu cha kupikia mimi mwenyewe huongeza vigae vilivyopondwa, kwa sababu chungu kinachokalia mafiga matatu hupata moto mkali upande mmoja na ubaridi upande mwingine, na bila vigae kitapasuka. Chombo chako hakiendi mekoni. Kinazunguka katikati ya vidole vyako, na kila changarawe inapopita chini ya kidole huusukuma ukuta upande, kisha ukuta ukayumba nawe ukadhani mkono ndio uliotetemeka. Ukiangalia ncha za vidole vyako baada ya kazi na kuziona zimechubuka, basi umepata jibu la nusu ya swali lako.

Fanya hivi. Loweka udongo hadi uwe uji, upitishe kwenye chandarua chakavu, halafu uupitishe tena kwenye kitambaa cha pazia jepesi. Chandarua hicho usiende kukisuuza ziwani wala mtoni, kwa sababu dawa iliyomo huua samaki. Uji ukitulia usiku kucha, mwaga maji ya juu, kisha umimine kwenye shuka kuukuu lililotandazwa juu ya tofali za kuchoma zilizo kavu. Tofali zitanyonya maji kutoka chini na hewa itanyonya kutoka juu. Udongo ukiacha kunata kwenye kiganja, ukande, uufunge kwenye mfuko wa plastiki na uuweke kivulini kwa wiki mbili au zaidi. Ukiufungua na kukuta unanuka kidogo kama matope ya kisimani, usiutupe, maana huo ndio umeiva.

Kisha uupime. Viringisha kijiti cha udongo chenye unene wa kidole chako kidogo, ukizungushe kwenye kidole cha shahada. Kikizunguka bila kupasuka, udongo unafaa. Kikitoa nyufa nyingi kama kisigino cha kiangazi, bado unahitaji kuchujwa, au kuchanganywa na udongo mwingine wenye mnato zaidi.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Mleta mada, kabla hujachuja hata ndoo moja, tenga dakika 5 za kulikagua gurudumu lenyewe. Nimewahi kutengeneza magurudumu ya namna hiyo kwa beringi zilizotolewa kwenye magari mabovu, na kosa ninaloliona mara nyingi ni beringi ya juu iliyolegea.

Chukua msumari mrefu, uufunge kwenye tofali ili usisogee, na ncha yake iwe karibu na ukingo wa kisahani kiasi cha karatasi kupita. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Ikiwa nafasi hiyo inapanuka na kupungua, kisahani hakikukaa katikati ya mhimili. Tofauti ya milimita 1 inavumilika kwa mwanafunzi, lakini ikifika milimita 3 hutaweza kumlaumu mtu yeyote isipokuwa fundi aliyekichomelea. Halafu shika kisahani kwa mikono miwili ukisukume mbele na nyuma bila kukizungusha. Kikicheza na kutoa mlio wa "ko-ko", beringi imelegea, na hilo ni lazima litengenezwe.

Jambo la pili, naomba utuambie: unapovuta ukuta, mguu wako unakuwa wapi? Watu unaowatazama kwenye simu wengi wao wanatumia gurudumu la umeme, ambalo huzunguka lenyewe huku mwili umetulia. La mguu lina adabu yake. Hupigwa teke mpaka likusanye kasi, kisha mguu hupumzishwa, na uzito wa zege ndio unaoendelea kulizungusha wakati mikono inafanya kazi. Ukivuta huku unapiga teke, kila teke linapanda kiunoni, linapita begani na kuingia kwenye vidole.

Kushoto Kulia (Ujiji)

Swali fupi kwa mleta mada: wewe ni mtu wa mkono wa kushoto? Mimi nilihangaika wiki nyingi nikiiga video za watu wanaotumia mkono wa kulia, ambao gurudumu lao, likitazamwa kutoka juu, huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya chombo na wa kulia ukiwa nje. Nilipogeuza mzunguko na kubadilishana mikono, tabu ikapungua. Japani wafinyanzi wa jadi huzungusha kwa kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba upande mmoja pekee ndio halali.

Mwalimu Mstaafu (Isevya, Tabora)

Ndugu Mwanagenzi, umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani pale uliposema kwamba makosa yote yanaishia kwenye bonge moja la tope. Nilifundisha hisabati kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuanza kuchezea udongo, na umbo hilo tulilifundisha kwa jina la mcheduara; nililichora ubaoni mara nyingi kwa mistari miwili na duara mbili bila kujua kwamba kulisimamisha kwa mikono ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Ushauri wangu ni kwamba uache kwa muda kutafuta chombo cha kuweka kabatini. Tengeneza silinda, uache kuivuta inapokaribia urefu unaoiangusha, yaani kwenye sentimita 10 au 11, kisha uikate katikati kutoka mdomoni hadi kitakoni. Huko Kigoma huna haja ya kununua waya. Kipande cha mshipi wa kuvulia samaki, kilichofungwa vijiti viwili kwenye ncha, kinakata udongo kwa usafi mkubwa. Tenganisha nusu mbili, uchukue rula, upime unene wa kitako katikati, unene wa ukuta pale unapokutana na kitako, unene wa kiuno, na unene wa mdomo. Kisha pima uzito wa nusu zote mbili kwa pamoja. Tuletee namba hizo tano, pamoja na sekunde unazotumia katika mvuto mmoja. Ukikata chombo wewe mwenyewe kikiwa bado kimesimama, kinasimulia. Ukikisubiri kianguke, kinanyamaza.

Mwanagenzi wa Gungu (Kigoma)

Shikamooni wakubwa zangu, na asanteni wote. Mimi natumia mkono wa kulia, na gurudumu langu linazunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo hapo sina tatizo. Nimefanya kipimo cha msumari na nimekuta tofauti isiyofika milimita 1, na kisahani hakichezi. Kuhusu mguu, nakiri kwamba nimekuwa nikipiga teke wakati wote, hata katikati ya mvuto, kwa hofu kwamba gurudumu litasimama.

Ncha za vidole zimechubuka, Mama, kama ulivyosema. Udongo nimeanza kuuchuja, lakini kwa kuwa utakaa wiki mbili, nimetumia ule wa zamani kwa kipimo cha Mwalimu.

Nilikata silinda yenye urefu wa sentimita 11 na upana wa sentimita 10. Kitako kina unene wa milimita 17. Ukuta pale chini una milimita 14, kiunoni una milimita 4 tu, na mdomoni unarudi kuwa milimita 8. Nilipoziona nusu hizo nilicheka peke yangu, kwa sababu ukuta ule unafanana na mguu wa mtu, una paja chini, kifundo katikati, halafu unyayo juu. Uzito wa nusu mbili kwa mzani wa dukani ni gramu 730. Mdogo wangu alinihesabia muda, naye anasema kila mvuto ulichukua sekunde 4, mmoja tu ulifika 5.

Mwalimu Mstaafu (Isevya, Tabora)

Marahaba. Sasa tuna kitu cha kuzungumzia.

Anza na uzito. Uliweka gramu 1,000 na umekata gramu 730, maana yake gramu 270, zaidi ya robo ya udongo wako, hazimo kwenye chombo. Ziko kwenye beseni la maji na kwenye viganja vyako, zimekuwa tope. Hiyo ni dalili ya maji mengi na muda mrefu wa kuhangaika katika hatua ya mwanzo kabisa, ya kuuweka udongo katikati ya kisahani, na maji hayo hayaondoki bure. Mengine yanaingia ndani ya ukuta na kuulainisha. Ukuta mwembamba uliolowa ndio huo unaosinzia.

Kisha tufanye hesabu ya shuleni. Udongo mbichi wa kufinyangia una uzito unaokaribia gramu 2 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo kilo moja ni kama sentimita za ujazo 500. Tuseme kitako chako kingekuwa na unene wa milimita 8. Katika upana wa sentimita 10 kingekula sentimita za ujazo 63. Zinabaki 437 za kujenga ukuta. Ukuta wenye unene wa sentimita 1 hutumia takribani 28 kwa kila sentimita ya urefu, na hapo ungepata urefu wa sentimita 15 na nusu. Ukuta wa milimita 6 hutumia takribani 18, na urefu ungepita sentimita 24. Maana yake ni kwamba sentimita 20 unazozitamani zimo ndani ya bonge lako tangu unapoliweka, na huhitaji udongo zaidi wala nguvu zaidi. Kitako cha milimita 17 peke yake kimekula sentimita za ujazo 133, mara mbili ya kile kilichotakiwa. Udongo uliouacha pale chini ndio unaokosekana kule juu.

Sasa njoo kwenye zile sekunde 4, kwa sababu naamini humo ndimo alimofichwa mwizi wako. Ukuta unaovutwa hauguswi wote kwa wakati mmoja. Vidole vinaugusa mahali padogo, na gurudumu ndilo linalouleta ukuta wote upite hapo. Kwa hiyo, katika kila mzunguko mmoja, vidole havina ruhusa ya kupanda zaidi ya nusu ya upana wa kidole, kama milimita 8, ili mkanda unaobanwa sasa upandane na mkanda uliobanwa katika mzunguko uliotangulia. Ukuta wa sentimita 10 unadai mizunguko 12 au zaidi. Ikiwa gurudumu linazunguka mara moja kwa sekunde, mvuto wako unapaswa kuchukua sekunde 12, nawe umekwenda kwa 4. Mikono ilipanda haraka kuliko gurudumu lilivyoweza kuiletea udongo, ikabana upande huu na kuuruka ule, ikachora mshazari kuzunguka chombo kama mstari wa parafujo. Mvuto wa pili ukapita juu ya mshazari huo na kuukuza. Ndiyo maana unaona kuyumba katika mvuto wa pili, wala si wa kwanza.

Nitaeleza mvuto mmoja kama ninavyoufanya mimi. Baada ya udongo kukaa katikati (na utajua umekaa katikati pale utakapofumba macho, ukagusa ubavu wake kwa kidole kimoja kilichotulia, na usihisi kitu chochote kikipita) nafungua shimo kwa kidole gumba hadi nibakishe kitako cha milimita 8 au 9. Kipimo changu ni shazia ya kushonea magunia; naichomeka kitakoni mpaka igote kwenye kisahani, nateremsha ukucha hadi usawa wa udongo, naichomoa na kupima. Tundu dogo linalobaki hufutika kwa kidole. Napanua shimo, kisha nagandamiza kitako kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda pembeni na kurudi, mara tatu nne. Hatua hii wengi wanairuka, na baada ya wiki chombo kinapokauka hujikuta na ufa kitakoni uliopinda kama herufi S.

Hapo ndipo napiga teke la mwisho na kuweka mguu pembeni. Kiwiko cha kulia nakibana kwenye paja, cha kushoto nakibana ubavuni, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kinagusa mkono wa kulia ili mikono miwili iwe kitu kimoja. Vidole vya ndani vinashuka mpaka pembeni kabisa ya kitako, mahali ambapo wewe umeacha milimita 14. Kidole cha nje kinaanza chini zaidi ya kile cha ndani, kikigusa kisahani, kinabana kuelekea ndani mpaka kuwe na kituta kidogo cha udongo juu yake. Kituta hicho ndicho ninachokipandisha. Sivuti ukuta wote. Nakisindikiza kituta kutoka chini hadi juu, na nikifika sentimita 2 kabla ya mdomo naanza kulegeza, ili mdomo ubaki mnene kidogo na uwe mshipi wa kukishikilia chombo. Naufunga mdomo kwa kuukandamiza taratibu kwa kidole, kisha natoa mikono polepole. Anayekurupua mikono huacha alama, na alama hiyo huwa mwanzo wa kuyumba.

Umbo nalo liegemee ndani, upana wa mdomo uwe mdogo kuliko wa kitako, kama kichuguu kilichokatwa kichwa. Mzunguko wenyewe huusukuma udongo nje, kwa hiyo ukivuta ukuta ulionyooka utapata bakuli usilolitaka. Kunyoosha ni kazi ya mvuto wa mwisho.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Niongeze neno moja kwenye hesabu ya Mwalimu, kwa sababu gurudumu la mguu halina kasi moja. Mleta mada aanze mvuto likiwa linazunguka mara mbili hivi kwa sekunde, nalo litapungua lenyewe kadiri vidole vinavyolikwamisha. Kupungua huko si ubovu. Chombo kinavyozidi kurefuka ndivyo kinavyozidi kutaka mwendo wa taratibu, na gurudumu la zege hufanya hivyo bila kuambiwa. Lakini mikono nayo lazima ipunguze mwendo pamoja nalo. Likipungua nusu, mikono ipungue nusu. Likikaribia kusimama kabla hujafika juu, legeza vidole polepole, ondoa mikono, piga teke, subiri mwili utulie, kisha anza tena kutoka chini, wala usianzie pale ulipoishia.

Mama Vyungu (Kasulu)

Mwalimu amesema vizuri, ila kuhusu maji nina la kuongeza. Mwanangu, ondoa beseni kabisa kwenye mvuto wa pili na wa tatu. Kinachohitaji kulainishwa ni vidole wala si udongo, na vidole vinatosheka na uji mzito wa udongo wenyewe unaobaki kiganjani. Maji yaliyotuama ndani ya chombo yakaushe kwa sifongo kila mara, kwa sababu kitako kinachokaa ndani ya maji hulegea kikiwa bado hakijamaliza kazi yake.

Na kitako kinene kina deni lingine utakalolilipa mbele. Nje kitaonekana kikavu wakati ndani kina unyevu, na siku ya kuchoma unyevu huo utageuka mvuke na kukipasua kwa kishindo, kisha kirushe vipande kwenye vyombo vya jirani. Nimewahi kupoteza vyungu vinne kwa sababu ya kimoja cha mgeni aliyeomba nimchomee. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na mwaka ule nililia gaeni kwa maana zote mbili.

Mwanagenzi wa Gungu (Kigoma)

Narudi baada ya siku 19. Niliusubiri udongo uliochujwa kwa wiki mbili kamili, ingawa mkono ulikuwa unawasha, na siku hizo nilizitumia kufanya zoezi moja tu kwa udongo wa zamani, yaani kuuweka katikati, kuufungua, kupima kitako kwa shazia, kisha kuuvunja na kurudia bila kuvuta ukuta hata mara moja.

Udongo mpya ni kitu kingine. Ulipita chini ya kidole kimya kimya, na kwa mara ya kwanza nilipofumba macho sikuhisi kitu. Mdogo wangu alinihesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, na mara mbili za kwanza nilifika mdomoni yeye akiwa bado kwenye saba. Mikono ina haraka yake ambayo kichwa hakiijui. Tulipobadilisha, nikawa nahesabu mwenyewe kwa kutazama alama ya chaki niliyoichora kwenye ukingo wa kisahani, nusu kidole kwa kila chaki inapopita, mambo yakatulia. Mguu niliuweka juu ya tofali ili usishawishike.

Kati ya silinda saba nilizotengeneza jana, moja imeanguka na sita nimezikata. Ile bora ilikuwa na urefu wa sentimita 17, kitako milimita 9, ukuta wa chini milimita 9, kiuno milimita 8 na mdomo milimita 7, na uzito wake gramu 880. Bado sijafika 20, na nikitazama kutoka juu naona mdomo wake haujawa duara kamili, una upande mmoja uliovimba kidogo. Nimejaribu kuukata kwa shazia huku gurudumu likizunguka ili uwe sawa, lakini nashindwa kujua nikate baada ya kila mvuto au nisubiri mwisho.

Mwalimu Mstaafu (Isevya, Tabora)

Kata mara tu unapouona umepinda, hata kama ni katika mvuto wa kwanza, kwa sababu mdomo uliopinda huanza kuyumba, na mvuto unaofuata huushusha mtikisiko huo chini. Tegemeza ukuta kwa kidole cha kushoto kutoka ndani, sukuma shazia taratibu mpaka uihisi ikigusa kidole, acha gurudumu lizunguke mara moja nzima, kisha unyanyue ule mkanda kwa mkono mmoja bila kusita. Halafu uukandamize mdomo upya kabla ya kuendelea. Utapoteza kama sentimita moja ya urefu kila mara, na kwa kuwa chini bado una milimita 9 za kutoa, sentimita hiyo utairudisha.

Ya kesho ukiikata, tuletee namba.